Mtu Akianguka Katika Tundu la Paa, Ni Kosa la Nani?

Siku hizi katika miji yetu, Lubumbashi, Kolwezi, Bukavu, Goma, na hata katika vituo vidogo, nyumba zajengwa upesi. Palipokuwa na nyumba ya udongo, leo twaona nyumba ya etaji. Palipokuwa na paa la majani, leo mabati yang'aa. Twafurahi kuyaona hayo. Lakini pamoja na furaha hiyo twasikia pia habari ya namna moja: fundi amepanda asubuhi akiwa mzima, na saa sita amechukuliwa juu ya ubao. Hakuanguka kando ya nyumba. Alianguka katikati yake, kwa tundu lililokuwa katika paa au katika sakafu ya juu.

Watu wakikusanyika kwenye kilio, maneno ni yale yale. Mmoja asema: "Ajali haina kinga." Wa pili asema: "Ni mapenzi ya Mungu." Wa tatu anong'ona kwamba kuna mtu wa ukoo aliyemloga. Wa nne, na mara nyingi huyo ndiye mwenye kazi, asema: "Mwenye macho haambiwi tazama. Kwa nini hakuangalia?" Kisha watu watawanyika, mjane abaki na watoto wake, na tundu labaki wazi likimngoja mtu mwingine.

Leo twataka kuyapima maneno hayo manne, moja moja. Swali letu ni hili: mtu akianguka katika tundu la paa kazini, je, kuna mwenye hatia? Na kama yupo, ni nani?

Jinsi mtu anavyoanguka

Kabla ya kuhukumu, yafaa kulijua jambo lenyewe. Wanaofanya kazi juu ya nyumba huanguka kwa namna tatu hasa.

Namna ya kwanza ni tundu lililo wazi kabisa. Pale patapita ngazi, au bomba la moshi, au patawekwa dirisha la kuleta mwanga. Asubuhi kila mtu alijua kwamba tundu lipo. Lakini fundi anayevuta ubao mrefu huenda kinyumenyume. Macho yake yako kwenye ubao, si kwenye visigino. Hatua moja yatosha.

Namna ya pili ina hila zaidi. Tundu limefunikwa, lakini limefunikwa vibaya. Mtu alitupa juu yake kipande cha bati au ubao mpana ili mvua isiingie, wala hakupiga msumari hata mmoja. Baadaye aja mwenzake anayetafuta ubao wa kufanyia kazi. Auona, auinua kwa mikono miwili mbele ya kifua, apiga hatua mbele. Ubao ule anaouchukua ndio unaomficha macho asione lile shimo lililokuwa chini yake. Aanguka nao mikononi.

Namna ya tatu ni tundu lisiloonekana kuwa tundu. Katika maghala, viwanda na shule nyingi, kati ya mabati huwekwa mabati ya plastiki yapitishayo mwanga. Tena yako majengo ya zamani yaliyoezekwa kwa vigae vipana vya saruji na asbesto. Jua la miaka mingi huikausha plastiki hata ikavunjika kama ganda la yai, na ile saruji ya zamani nayo hupasuka chini ya mguu bila kutoa onyo. Vumbi na rangi hufunika vyote, hata bati lisilobeba mtu likafanana na lile limbebalo. Linachukua mvua, linachukua ndege, mtu halimchukui.

Na kuanguka huko hakumpi mtu nafasi. Aangukaye toka mita 5 hufika chini kwa muda wa sekunde 1 tu, naye hugonga sakafu kwa mwendo wa kilometa 35 kwa saa. Hana muda wa kushika kitu, wala wa kuita. Na chini si majani. Ni saruji, ni mashini, ni vyuma.

Wala jambo hili si la kwetu tu. Huko Marekani, taasisi ya serikali ichunguzayo usalama wa kazi, iitwayo NIOSH, ilitoa mwaka 1989 onyo maalum juu ya wafanyakazi waangukao katika madirisha ya paa na matundu ya paa. Mwaka 2004 ikalazimika kuwaonya watu tena juu ya jambo lile lile. Basi, tukumbuke hili tunapoendelea: adui huyu anajulikana, na njia zake zimehesabiwa.

"Ajali haina kinga"

Methali hii ina ukweli wake. Wazee waliitumia kumfariji mtu aliyefanya yote yaliyompasa, na msiba ukamfika hata hivyo. Hawakuitunga ili kumpa udhuru mtu ambaye hakufanya lo lote. Wazee wale wale walisema: tahadhari kabla ya hatari.

Radi ikimpiga mtu shambani, tuseme ajali haina kinga. Lakini tundu la paa lina kinga, na kinga hiyo ni rahisi. Sheria za ujenzi za Marekani zaieleza kwa maneno machache: kifuniko kiwe na nguvu ya kuchukua uzito mara mbili wa watu, vyombo na vifaa vitakavyopita juu yake, kifungwe kisisogezwe na upepo wala na mtu, tena kitiwe alama ili kila mtu ajue kwamba chini yake pana shimo. Kama hakuna kifuniko, basi uzio imara wa kulizunguka tundu, wenye kimo cha sentimeta 107 hivi. Kwa bati la plastiki, wavu wa chuma chini yake au juu yake. Na yeye anayepanda juu ya paa bovu apitie juu ya mbao pana zilizolazwa kutoka boriti hata boriti, tena ajifunge mshipi na kamba iliyofungwa mahali penye nguvu.

Je, hayo yashinda uwezo wetu? Mbao mbili, konzi ya misumari, na rangi kidogo ya kuandika neno "Shimo". Mwenye kazi asemaye hana fedha za mbao mbili, siku ya msiba atalipa jeneza. Tena tajiri mwenye kununua mabati mia, milango ya chuma na vioo vya madirisha, hawezi kusema mbele ya Mungu kwamba alikosa misumari.

"Ni mapenzi ya Mungu"

Neno hili latoka mara nyingi katika midomo ya watu wema, nasi hatuwacheki. Mwenye kufiwa ana haki ya kumkimbilia Mungu. Lakini neno hilo hilo, likitoka kinywani mwa yule aliyeliacha tundu wazi, lageuka kuwa kitu kingine.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, twasoma habari za watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Watu wa siku zile walifikiri kwamba waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wengine. Bwana wetu Yezu Kristu alikataa fikara hiyo. Basi nasi tusitafute dhambi ya marehemu katika kuanguka kwake. Na huyo Yezu, alipowekwa na Shetani juu ya ukingo wa hekalu na kuambiwa ajitupe chini kwa kuwa malaika watamdaka, alijibu kwamba si halali kumjaribu Mungu. Tufikiri sasa: yule ampandishaye mwenzake juu ya paa bovu, bila ubao wala kamba, akimwambia, "Nenda tu, Mungu atakulinda," asema lugha ya nani?

Mungu mwenyewe alikwisha kusema mapenzi yake juu ya paa. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Waisraeli waliagizwa kwamba mtu akijenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa lake, asije akaitia nyumba yake hatia ya damu kwa mtu atakayeanguka. Huko paa lilikuwa tambarare. Watu walipumzika juu yake na kuanika vitu vyao. Angalieni vema: sheria ile haiulizi kama aliyeanguka alikuwa akiangalia. Yamwuliza mwenye nyumba kama aliweka ukingo. Na katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, mtu aliyechimba shimo asilifunike, ng'ombe au punda akitumbukia humo, mwenye shimo hana budi kulipa. Kama punda ana mtetezi katika sheria, fundi wetu je?

Wakristu wa zamani husimulia juu ya Mtakatifu Visenti Ferreri, aliyefariki mwaka 1419, ambaye ni msimamizi wa wajenzi. Wasema kwamba alimwona mwashi akianguka toka juu ya jengo, akamwamuru asimame hewani mpaka yeye aende kumwomba mkubwa wake ruhusa ya kufanya mwujiza. Masimulizi hayo ni matamu, nasi twayapenda. Lakini hata ndani yake mna mafundisho: mwujiza huomba ruhusa, bali kupigilia ubao hakuna aliyetukataza.

"Amelogwa"

Juu ya neno hili hatutakawia. Tundu halikuhitaji mchawi. Bati bovu huvunjika chini ya mguu wa mtu mwenye adui na wa mtu asiye na adui. Uovu wa neno hili ni kwamba laumiza mara mbili: mama mzee asiye na kosa afukuzwa kijijini, na tundu lenyewe halifunikwi, maana watu wote wanamtazama yule mama. Mwenye hatia ya kweli, kama yupo, huenda amesimama papo hapo katika kundi, akiitikia kwa kichwa.

"Kwa nini hakuangalia?"

Hapa twafika penye uzito. Neno hili lafanana na haki. Mtu mzima ana macho na akili. Kwa nini basi tumtwike mwingine kosa lake?

Kwanza tukubali lililo kweli. Mfanyakazi naye anayo Amri ya Tano. Uhai wake si mali yake peke yake. Aliupewa na Mungu, tena mke na watoto wautegemea. Apandaye paani akiwa amelewa, aukataye mshipi kwa kuwa vijana wenzake watamcheka, aondoaye kifuniko bila kukirudisha, huyo amekosa. Ushujaa si kutembea ukingoni mikono mitupu.

Lakini tusiishie hapo. Fundi hulipwa ili autazame msumari, si mguu wake. Mtu aliyefanya kazi tangu alfajiri, jua kichwani na mabati yakimrudishia mwanga machoni, akili yake huchoka kama mikono inavyochoka. Kusahau kwa kitambo kidogo ni udhaifu wa wanadamu wote: mpishi huunguza mboga, karani hukosea hesabu, padri naye huruka mstari asomapo. Mpishi hulipa kwa mboga na karani kwa karatasi. Kwa nini fundi peke yake alipe kwa uhai? Mama afunikaye kisima hafanyi hivyo kwa kuwa mtoto wake ni mpumbavu. Afunika kwa kuwa ajua jinsi mtoto alivyo. Vivyo hivyo mwenye kazi yampasa kujua jinsi mtu alivyo, na kupanga kazi ili kosa dogo lisilete kifo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliuliza kama mtu amwuaye mwenzake bila kukusudia ana hatia. Ajibu kwamba jambo la bahati tupu, lisilotakiwa wala kufikiriwa, si dhambi. Lakini asiyetumia uangalifu upasao, na mtu akafa kwa sababu hiyo, hana udhuru. Katekisimu ya Kanisa ya mwaka 1992 yafundisha vile vile kwamba ni haramu kumtia mtu katika hatari ya kufa pasipo sababu kubwa. Je, kumaliza paa kabla ya Jumamosi ni sababu kubwa? Kuokoa bei ya ubao ni sababu kubwa?

Mwingine atasema: "Alikubali mwenyewe. Nilimwambia kazi ina hatari, naye akapokea fedha." Papa Leo XIII, katika barua yake *Rerum novarum* ya mwaka 1891, alijibu neno la namna hiyo juu ya mshahara. Alifundisha kwamba iko haki iliyo juu ya mapatano ya watu wawili, na kwamba mfanyakazi akubaliye masharti magumu kwa kuwa aogopa njaa, ameshurutishwa. Tuyatie maneno hayo juu ya paa. Kijana aliyesimama tangu asubuhi akingoja kibarua, ambaye nyumbani hakuna unga, atapanda popote utakapomwonyesha. Hakukubali yeye, njaa yake ndiyo iliyokubali. Na atumiaye njaa ya mtu kumpandisha juu ya shimo, atwaa juu yake hatia ambayo yule maskini angeweza kuwa nayo.

Hatia haigawanyiki kama mkate

Basi ni nani mwenye hatia? Mara nyingi jibu ni: si mmoja. Tajiri alitaka kazi iishe upesi na hakununua mbao. Kapita aliliona tundu asubuhi akanyamaza, asije akaambiwa mvivu. Mwenzake alikitoa kifuniko akaenda kula. Wengine walipita kando, wakaruka, wakasema, "Si tundu langu." Kila mmoja atazama mwenzake, na kila mmoja ajiona mwenye sehemu ndogo.

Lakini hatia si mkate, hata watu kumi wakiimega kila mmoja apate kipande kidogo. Kila mtu ataulizwa maneno mawili: Ulijua nini? Uliweza nini? Aliyejua sana na kuweza sana ataulizwa sana. Tajiri aweza kununua, kukodi, kungoja. Kwa hiyo wake ndio mzigo wa kwanza. Kapita aweza kusimamisha kazi kwa saa moja. Mfanyakazi aweza kupigilia msumari, kumwonya mwenzake, kurudisha ubao mahali pake. Asiyeweza lo lote ila kusema, na aseme. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliweka kati ya aibu za dunia hali za kazi ambamo watu hutumiwa kama vyombo vya faida tu. Chombo kikivunjika, hununuliwa kingine. Mtu hanunuliwi.

Je, mfanyakazi ana ruhusa ya kukataa kupanda? Anayo. Mapatano ya mataifa juu ya usalama wa kazi, yaliyofanywa na Shirika la Kazi la Dunia mwaka 1981, yataka alindwe mfanyakazi anayejitenga na kazi kwa kuwa ana sababu ya haki ya kuamini kwamba hatari kubwa iko karibu. Na mwaka 2022 shirika hilo liliuweka usalama na afya ya kazini kati ya haki za msingi za wafanyakazi. Lakini twajua wenyewe: mmoja akikataa peke yake, kesho nafasi yake ina mwingine. Kwa hiyo wakatae pamoja. Watu sita wakisema kwa heshima, "Bwana, tutapanda tundu likifunikwa," tundu litafunikwa.

Na baada ya kuanguka?

Hatia haimaliziki siku ya maziko. Aliyeleta hasara kwa uzembe yampasa kurudisha, ndivyo ifundishavyo haki. Uhai haurudi; lakini yako matibabu, yako mazishi, yako masomo ya yatima, iko kodi ya nyumba ya mjane. Gunia la unga na bahasha siku ya kilio ni wema, lakini deni halijalipwa kwa hayo.

Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, yamtaka mwenye kuajiri alinde afya na usalama wa watu wake. Iko pia Kasha la Taifa la Usalama wa Jamii, CNSS, ambalo zamani liliitwa INSS, ambalo kazi yake mojawapo ni kuwasaidia walioumia kazini na jamaa za waliokufa. Lakini mtu ambaye jina lake halikuandikwa, siku ya msiba atadai kwa shida. Vibarua wengi wa siku hawaandikwi, na mwenye kazi huona hapo faida yake. Hiyo si akili ya biashara. Ni kumnyang'anya yatima kabla hajawa yatima.

Na sisi wa parokia

Tusifikiri kwamba maneno haya ni ya matajiri tu. Katika vituo vyetu wakristu hujitolea kuezeka kanisa, shule, nyumba ya masista. Vijana hupanda kwa nyimbo, wamama huleta maji na ugali, na hakuna anayeuliza habari ya kamba. Twasema: ni kazi ya Mungu. Lakini kazi ya Mungu haibadili uzito wa mwili. Mwaka 1178, huko Canterbury katika Uingereza, fundi mkuu William wa Sens alianguka toka jukwaani alipokuwa akilijenga upya kanisa kuu lililoungua mwaka 1174. Hakupona vema, akamwachia mwingine kazi, akarudi kwao Ufaransa. Alikuwa akimjengea Mungu, na hata hivyo alianguka. Afanyaye kazi bila mshahara ana haki ya kulindwa kama alipwaye. Tena zaidi, maana ametupa nguvu zake bure.

Kwa hiyo, wazee wa parokia, wenyeviti wa kamati za ujenzi, makapita, mafundi, na ninyi mnaojijengea nyumba zenu wenyewe, kabla ya mtu kupanda kesho asubuhi, tujiulize maneno haya. Je, matundu yote yamehesabiwa? Je, vifuniko vimepigwa misumari na kutiwa alama? Je, ni nani aliyepewa kazi ya kuvitazama, kwa jina lake? Je, mabati mabovu na ya plastiki yameonyeshwa kwa kila anayepanda, hata kwa yule aliyefika leo? Je, kijana akiogopa, ataweza kusema bila kuchekwa?

Ikiwa tumejibu ndiyo kwa hayo yote, na bado msiba ukatufika, hapo tutakuwa na ruhusa ya kusema kwamba ajali haina kinga, na mjane atatusikia bila uchungu. Ikiwa hatukujibu, afadhali tunyamaze kwenye kilio, twende kwanza kutafuta nyundo.